Bosi wa michezo kwenye TV anafanya kazi gani hasa? Tumuangalie Roone Arledge

Ukiangalia mechi kwenye TV kuna watu unawaona na kuwasikia, wachezaji, refa, mtangazaji, mchambuzi. Halafu kuna mtu humuoni kabisa, jina lake linapita mwishoni wakati wewe ushahama chaneli, na huyo ndo aliyeamua mechi ianze saa ngapi, iwe na kamera ngapi, nani ashike maiki, na kituo kilipe hela kiasi gani ili mechi ionekane kwao na sio kwa mpinzani. Watu wanamchanganya sana na dairekta au na mtangazaji mkuu, kwa hiyo tuanze kutenganisha hapo kwanza maana bila hivo mengine yote hayaeleweki.

Nje ya uwanja linapaki gari kubwa la matangazo, limejaa skrini ndani. Dairekta anakaa mbele ya zile skrini anaita kamera, namba mbili, namba nne, rudi mbili, yeye anaishi kwenye sekunde hii hii. Pembeni yake yuko prodyuza, huyo anawaza dakika tano mbele, marudio yapi yaingie, takwimu gani zipande kwenye skrini, tangazo la biashara likae wapi, na ndo sauti ambayo mtangazaji anaisikia kwenye kile kidude cha sikioni. Juu yao kuna prodyuza mkuu ambaye kipindi kizima kinabeba ladha yake. Na juu kabisa kuna mkuu wa idara ya michezo, ananunua haki za matangazo, anaajiri, anapanga ratiba, anapigana na watu wa fedha. Kwa kawaida hizo ngazi za juu wanakaa watu tofauti. Roone Arledge wa kituo cha televisheni cha ABC, Marekani, alizishika mbili za juu kwa pamoja miaka mingi, na kwenye Olimpiki alikuwa anaingia chumba cha kurushia matangazo anakaa mwenyewe kwenye kiti, bosi mzima. Ndo maana namtumia yeye, ukimfuata mtu huyu mmoja unaiona kazi yote kuanzia chini mpaka juu.

Alizaliwa New York mwaka 1931, akasoma chuo kikuu cha Columbia, na kazi yake iliyomtoa kwanza haikuwa ya michezo kabisa, alikuwa kituo cha NBC anatengeneza kipindi cha watoto cha Shari Lewis, yule mama wa vikaragosi vya mkononi, na akashinda nacho Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani. Watu wanalipita hili haraka, mimi naona ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukitengeneza kipindi cha watoto unajifunza kitu kimoja kigumu, mtazamaji wako hana sababu yoyote ya kukaa pale, ukimchosha sekunde kumi tu kaondoka. Watangazaji wa michezo wa enzi zile walikuwa hawawazi hivo. Wao walijua shabiki atakuja tu, kwa sababu timu yake inacheza.

Mwaka 1960 ABC ilikuwa mnyonge wa vituo vitatu vikubwa vya Marekani, nyuma ya CBS na NBC. Wakapata haki za futiboli ya vyuo vikuu, yaani futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mkononi, na namna walivyozipata inakuonyesha biashara hii ilivyokuwa. Zabuni zilikuwa za bahasha mkononi. Ed Scherick, aliyekuwa anaendesha michezo ya ABC, alimtuma jamaa ambaye hakuna anayemjua, mtu wa kawaida tu asiyeshtua, akae chumbani kimya. Mtu wa NBC akaangalia huku na huku haoni mpinzani, akatoa bahasha yake yenye bei ndogo. Ndipo yule jamaa akasimama na ya kwake, zaidi kidogo ya dola milioni 6 kwa misimu miwili. Imekwisha.

Sasa haki wanazo ila hawana wazo la kuzionyesha vipi. Arledge alikuwa kijana wa miaka 29 hivi, mgeni ABC, akaandika waraka kwa wakubwa wake na ule waraka ndo kama katiba ya michezo kwenye televisheni mpaka leo. Hoja yake ilikuwa kwamba TV imekuwa ikimletea mtazamaji mechi, sasa wao watamchukua mtazamaji wampeleke kwenye mechi. Akataja kamera juu ya magari ya jeep, kamera kwenye helikopta, maikrofoni za kunasa sauti za uwanjani, uso wa kocha timu ikifungwa, bendi, wasichana wa kushangilia, mji wenyewe na watu wake. Na akasema waziwazi kwamba wataongeza burudani ya jukwaani kwenye michezo, na kwamba anawataka hata watu, hasa kina mama, ambao hawana habari na hiyo futiboli.

Hapo ndo penye roho ya kazi yote hii. Swali la prodyuza wa michezo halimhusu shabiki, shabiki unaye tayari. Linamhusu yule aliyekaa sebuleni ambaye hajali timu yoyote kati ya hizo mbili, utamfanyaje abaki? Leo ukitazama Simba na Yanga, bao limekosekana, kamera inaenda moja kwa moja kwa kocha kashika kichwa, halafu kwa mzee mmoja jukwaani kafumba macho, halafu marudio taratibu, usidhani ni mambo yaliyojitokea tu. Kabla ya 1960 kamera ilikuwa inakaa juu inafuata mpira basi, mpira ukisimama na picha inasimama.

Mechi ya kwanza kwa staili hiyo ilikuwa ya vyuo vya Alabama na Georgia, mjini Birmingham, Septemba 1960. Msimu huohuo akaenda kwa injinia wa ABC anaitwa Bob Trachinger, wakiwa baa huko Los Angeles, akamuuliza hivi tunaweza kurudisha tukio polepole ili mtu aone vizuri? Trachinger akaanza kumchorea palepale namna ya kufanya. Mwanzoni iliwezekana kuonyesha wakati wa mapumziko tu, teknolojia ilikuwa bado nzito. Na hapa tuwe wakweli, sio kila kitu kilitoka kwa Arledge kama wengine wanavyoandika. Marudio ya papo hapo, yaani tukio limeisha na sekunde hizo hizo unaliona tena, ni kazi ya Tony Verna wa CBS, tarehe 7 Desemba 1963, mechi ya Army na Navy, timu za vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini, na mtangazaji Lindsey Nelson alilazimika kuwaambia watu kwamba hii sio laivu jamani, Army hawajafunga tena. Maana watu walikuwa hawajawahi kuona kitu kama hicho, wangedhani timu imefunga mara mbili.

Mwaka 1961 kikaja kipindi kilichomjengea jina, Wide World of Sports, kilianza tarehe 29 Aprili kama cha kuziba pengo la miezi ya joto. Ukiacha futiboli ya vyuo, ABC haikuwa na haki za michezo mikubwa, hela haikuwepo, kwa hiyo wakanunua ile ambayo hakuna anayeitaka, riadha, skii yaani kuteleza kwenye theluji, mbio za magari, mpaka watu wanaopiga mbizi kutoka juu ya majabali huko Acapulco. Vitu viwili vikawabeba, ndege za jeti na mkanda wa video. Unaruka na kamera mpaka Moscow, na kweli Julai mwaka ule walikwenda kurekodi riadha ya Marekani dhidi ya Urusi ya Kisovieti, unarudi na mikanda, unakata, unaunganisha, Jumamosi watu wanaangalia. Lakini hebu fikiria, mtazamaji wa Ohio hajui lolote kuhusu mtu anayeruka na skii huko Ujerumani. Kwa hiyo kabla ya kushindana lazima umuonyeshe huyo mtu ni nani, katoka wapi, anaogopa nini, na mtangazaji wa kipindi, Jim McKay, ndo alikuwa mtu wa kuyasema hayo kwa utulivu wake. Ule mtindo wa kuonyesha maisha ya mwanariadha kwanza ndipo mbio, tuliouzoea kwenye kila Olimpiki, umetokea hapa, kwenye kukosa hela za kununua vitu vikubwa.

Kila wiki kipindi kilifungua na maneno kuhusu raha ya ushindi na uchungu wa kushindwa, na kwenye ule uchungu walikuwa wanaweka mtu anayeanguka vibaya sana kwenye kuruka na skii. Ni Vinko Bogataj wa Slovenia, aliangukia Oberstdorf mwaka 1970. Aliumia ila alipona, na mamilioni ya Wamarekani wakamjua kwa sekunde chache za maisha yake, miaka na miaka, kila Jumamosi. Nikilifikiria hili naona nguvu ya anayechagua picha ni kubwa mno, Bogataj hakuulizwa.

Arledge akapewa urais wa ABC Sports mwaka 1968, na mwaka huohuo ikawa Olimpiki ya Mexico City. Kwake ilikuwa kama zawadi kwa sababu saa za Mexico na za Marekani ni karibu sawa, kwa hiyo mengi yakaenda laivu na kwa rangi. Kijana mmoja aliyeacha kidogo masomo chuo kikuu cha Yale, Dick Ebersol, aliajiriwa kama mtafiti wa Olimpiki, kazi yake kuzunguka dunia kukusanya habari za wanamichezo. Sasa chukua mbio za mita 1,500, fainali ya tarehe 20 Oktoba. Kwa macho matupu Kipchoge Keino wa Kenya anamwacha Jim Ryun wa Marekani mita kama ishirini, dakika 3:34.91, rekodi ya Olimpiki, basi. Lakini ukijua kwamba mji upo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na Keino kakulia kwenye milima, kwamba ana ugonjwa wa kibofu cha nyongo, kwamba siku chache nyuma alianguka kwenye mita 10,000, na kwamba siku ya fainali basi lilikwama kwenye foleni akashuka akamalizia njia ya uwanjani kwa kukimbia, aisee hiyo inakuwa mbio nyingine kabisa. Matokeo ni yaleyale, ila sasa hata asiyejua riadha hawezi kunyanyuka kwenye kochi. Na kwenye Olimpiki hiyo hiyo, wanariadha weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos waliponyanyua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi na kufukuzwa, ABC kupitia mtangazaji wao Howard Cosell wakamuhoji Smith hewani.

Cosell huyohuyo akaingia Monday Night Football, kipindi cha mechi za futiboli za Jumatatu usiku, Septemba 1970. Pete Rozelle, mkuu wa NFL, ligi ya futiboli ya kulipwa, alitaka mechi za Jumatatu usiku, CBS na NBC wakaona ni upuuzi kuharibu vipindi vyao vya usiku, ABC wakakubali maana hawakuwa na cha kupoteza. Arledge akaweka kamera nyingi kuliko mazoea, Chet Forte akawa dairekta, na akaweka watu watatu kwenye maiki badala ya wawili. Cosell alikuwa mwanasheria anayejisikia, mwenye sauti ya ajabu, nusu ya nchi ilimchukia, na mdhamini mkubwa, Henry Ford wa pili, alilalamika mpaka kutaka atolewe, Arledge hakumtoa. Alielewa kwamba asiyependa futiboli atakaa pale ili abishane na Cosell. Kipindi kikadumu ABC mpaka mwisho wa msimu wa 2005.

Halafu Olimpiki ya München 1972. Tarehe 2 Septemba, John Akii-Bua wa Uganda alikuwa ameshinda mita 400 kuruka viunzi kwa rekodi ya dunia, 47.82, Uganda nzima inasherehekea. Alfajiri ya tarehe 5 watu wanane wa Black September, kundi la Wapalestina wenye silaha, wakaingia kwenye kijiji cha wanamichezo, wakaua wawili wa timu ya Israeli na kushika tisa mateka. Arledge hakuwa na timu ya habari pale, alikuwa na timu ya michezo, ila ndo iliyokuwepo na kamera zipo. Akamuita McKay ambaye ilikuwa siku yake ya mapumziko na alikuwa akienda kuogelea, akavaa nguo juu ya chupi ya kuogelea akakaa mezani. Peter Jennings, mwandishi wa habari, alikuwa ndani ya kijiji karibu na jengo lenyewe. Walikaa hewani saa nyingi mno.

Usiku, mateka wakiwa wameshapelekwa uwanja wa ndege, zikaja taarifa kwamba wote wameokolewa, vyombo vingi vikaibeba, na wakubwa wengi wangekimbilia habari njema ile. Arledge alikuwa kwenye sikio la McKay anamwambia tulia, bado haijathibitishwa. Wakasubiri. Karibu saa tisa na nusu usiku saa za München ndipo ikaja ya kweli, na McKay akatazama kamera akasema walikuwa mateka kumi na mmoja, wawili waliuawa vyumbani mwao jana asubuhi, tisa wameuawa uwanja wa ndege usiku huu. Wote wameondoka. Mtu aliyefundisha nchi nzima kuongeza burudani kwenye michezo, usiku ule aliondoa kila kitu akabakiza mtu mmoja, meza na ukweli, na kwangu mimi hiyo ndo kazi kubwa kuliko zote alizofanya.

Kwa hiyo mwaka 1977 ABC walipompa na idara ya habari juu ya ile ya michezo, waandishi wakapiga kelele kwamba mtu wa mipira atageuza habari kuwa sarakasi. Yeye mwaka 1978 akaanzisha World News Tonight yenye watangazaji watatu, Max Robinson akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho kwa kituo cha taifa, na Wamarekani waliposhikwa mateka Tehran mwaka 1979 akaweka kipindi cha kila usiku kuhusu hilo, ndo kikaja kuwa Nightline cha Ted Koppel.

Kofia hizo mbili ziligongana usiku wa tarehe 8 Desemba 1980. Mechi ya Jumatatu, Miami na New England, sekunde zimebaki. John Lennon, mwanamuziki wa Beatles, amepigwa risasi New York, na prodyuza mmoja wa habari wa ABC yuko hospitali ileile kwa bahati tu, kapata ajali ya pikipiki, anasikia. Habari inafika kwa Arledge, Arledge anaipeleka kibanda cha watangazaji. Cosell anasita, hajui kama mechi ndo mahali pa kusemea jambo kama hilo, mwenzake Frank Gifford anamwambia ni lazima uiseme. Akasema kwamba hii ni mechi ya mpira tu, haijalishi nani anashinda, halafu akatangaza kifo. Mamilioni walijua hapo.

Sasa upande wa hela, ambao ndo uliomrudisha chini. CBS walilipa kama dola 394,000 kwa Olimpiki ya Roma 1960. Mexico 1968 ABC walilipa milioni 4.5, Montreal 1976 milioni 25, Los Angeles 1984 milioni 225, Calgary 1988 milioni 309 kwa Olimpiki ya baridi. Angalia huo mpando, na mpandishaji mkubwa alikuwa ni yeye, kwa sababu ndiye aliyewaonyesha wote kwamba Olimpiki inaweza kushika nchi nzima wiki mbili. Ukiwafundisha wapinzani thamani ya kitu lazima utakuja kukinunua kwa bei hiyo uliyowafundisha. Kampuni ya Capital Cities ilipoinunua ABC, na hawa walikuwa watu wa kubana matumizi, mwaka 1986 wakamtoa kwenye michezo wakambakiza habari, na Calgary ikaja kula hasara kubwa. Habari aliendesha mpaka 1998, akafariki Desemba 2002.

Kuna kipande kimoja cha kazi hii hakisemwi sana na kinatuhusu moja kwa moja, nacho ni saa. Oktoba 1974 Ali na Foreman walipigana Kinshasa saa kumi alfajiri. Watu wa Zaire walikesha uwanjani usiku kucha kwa sababu Marekani ilikuwa bado ni jioni na usiku, watu wamenunua tiketi kwenye majumba ya sinema kuangalia. Hiyo haikuwa ya ABC, ila hesabu ni ileile. Februari 1980, Olimpiki ya baridi ya Lake Placid, Marekani, mechi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Wasovieti ilipangwa saa kumi na moja jioni, ABC wakaomba isogezwe saa mbili usiku, Wasovieti wakakataa maana kwao Moscow ingekuwa saa kumi alfajiri. ABC wakairekodi wakairusha usiku, na mpaka leo kuna Wamarekani wanaapa waliiona laivu. Kinshasa walikubali ile saa kumi, Moscow wakakataa, tofauti ni nani mwenye nguvu ya kusema hapana.

Yule kijana mtafiti, Ebersol, akawa bosi wa NBC Sports mwaka 1989 na akanunua haki za kuonyesha Olimpiki nyingi Marekani, akazionyesha kwa staili ya mwalimu wake, maisha ya mwanariadha kwanza, mbio baadaye. Kwa Beijing 2008 kazi yake ilikuwa kuhakikisha muogeleaji wa Marekani Michael Phelps anaonekana laivu Marekani saa ya watu kukaa sebuleni. Kwa desturi kuogelea ni mchujo asubuhi na fainali jioni. Beijing iligeuzwa, mchujo jioni na fainali asubuhi, waogeleaji wa dunia nzima wakabadili ratiba za kulala na kufanya mazoezi, na Phelps akachukua dhahabu zake nane wakati Wachina wako kazini na New York ni usiku.